Kijana na shindano la picha: Kanuni kwanza, kamera baadaye

KUNA dhana iliyokita mizizi miongoni mwa vijana wengi nchini kwamba mashindano ya upigaji picha ni ya watoto wa matajiri. Kijana huona tangazo la shindano, akaitazama rununu yake yenye kioo kilichopasuka, kisha akakata tamaa hata kabla ya kusoma mstari wa pili.

Dhana hiyo inawapotosha kwa njia mbili. Kwanza, baadhi ya picha zilizowapa vijana tuzo kubwa duniani zilipigwa kando ya barabara au katika ufa wa ukuta, wala si katika safari za gharama kubwa. Pili, kinachoweza kumwangusha mshiriki mwenye picha nzuri si kamera, bali ni karatasi: kanuni ambazo hakuzisoma, idhini ambayo hakuiomba na hakimiliki ambayo aliitoa bila kujua.

Ndiyo maana kijana anayetaka kushiriki hana budi kulitazama shindano kama mtihani wenye sehemu mbili. Ya kwanza ni picha yenyewe. Ya pili ni uaminifu na makini katika kuiwasilisha. Anayefaulu ya kwanza na kuanguka ya pili huondolewa sawa na aliyeanguka zote.

Milango iliyo wazi

Shindano linalofahamika zaidi katika uwanja wa wanyama na mazingira ni Wildlife Photographer of the Year, lililoanza mwaka 1965 na ambalo huandaliwa na Natural History Museum ya London. Lina vitengo vya vijana wenye umri wa miaka 17 na chini, waliogawanywa kwa makundi ya umri ili mtoto wa miaka tisa asishindanishwe na kijana wa kidato cha nne.

Sony World Photography Awards, yaliyoanzishwa mwaka 2007, nayo yana kitengo cha vijana wa hadi miaka 19 kutoka nchi yoyote. Katika mashindano haya mawili, vijana hawatozwi ada ya kuingia.

Barani Afrika kuna Wiki Loves Africa, shindano lililoanza mwaka 2014 na ambalo huwa na mada mpya kila linapofanyika. Mada ya kwanza ilikuwa vyakula vya Kiafrika. Mwaka 2017 ikawa watu kazini, na mwaka 2019 michezo. Aidha, shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha tuzo za picha za wanyamapori kwa kumbukumbu ya Rais wa zamani wa Tanzania, Benjamin Mkapa, aliyefariki mwaka 2020. Tuzo hizo zilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2021, vijana walitengewa nafasi yao.

Mbali na hayo, shule, vyama vya wanafunzi, balozi na mashirika ya mazingira huandaa mashindano madogo. Haya yasidharauliwe. Ndiyo mahali pa kujifunzia namna ya kufuata makataa na kuandika maelezo ya picha kabla ya kujitosa katika bahari kuu.

Kilicho karibu

Mwaka 2018, taji la mpigapicha chipukizi bora wa wanyamapori lilimwendea Arshdeep Singh, mvulana wa miaka 10 kutoka jimbo la Punjab, India. Alikuwa ndani ya gari na babake alipomwona bundi akiingia katika bomba kuukuu kando ya barabara. Alimwomba babake asimamishe gari, akaegemeza kamera kwenye dirisha na kusubiri. Bundi wawili walipochungulia kutoka ndani ya bomba, akabonyeza.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2021, taji hilo lilitwaliwa na mvulana mwingine wa miaka 10 kutoka India, Vidyun R. Hebbar. Yeye alimpiga picha buibui aliyetanda utando wake katika mwanya wa ukuta. Rangi za kupendeza zilizoonekana nyuma ya utando huo zilikuwa za tuktuk iliyokuwa ikipita.

Ni kweli kwamba vijana hao hawakutumia rununu; Arshdeep aliazima lenzi ya babake. Hata hivyo, bundi, buibui na tuktuk havinunuliwi. Vinapatikana Kitale, Mtwapa na Githurai pia. Kilichowatofautisha watoto hao na maelfu waliopita njia ile ile ni kwamba wao walisimama na kutazama.

Hapo ndipo kijana wa Kenya alipo na mtaji asioujua. Majaji wa mashindano ya kimataifa wameona simba wa Maasai Mara na machweo ya jua yasiyo na idadi. Picha ya namna hiyo hushindana na ya mtaalamu aliyekaa mbugani mwezi mzima akiwa na lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima.

Lakini ni wangapi wanaoweza kukaa alfajiri baada ya alfajiri na wanawake wanaoanika omena ufuoni Kisumu? Ni nani awezaye kuingia katika banda la fundi wa jua kali Kamukunji na kuonwa kama mtoto wa nyumbani? Mahindi yanayoanikwa kando ya barabara wakati wa mavuno katika Bonde la Ufa, punda wa Lamu katika vichochoro vyembamba, nyanya anayekama ng'ombe kabla ya jua kuchomoza: haya ni mambo ambayo mgeni huyapita kwa gari, ilhali kijana wa pale anayajua saa na majira yake.

Mohamed Amin, Mkenya aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza na kamera kuukuu aina ya Box Brownie alipokuwa mwanafunzi mjini Dar es Salaam. Ni huyo huyo ambaye mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliushtua ulimwengu. Alifariki mwaka 1996 ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Comoro. Kamera yake ya kwanza haikuwa na uwezo unaokaribia ule wa rununu nyingi zilizo mifukoni mwa vijana leo.

Mwanga wa Ikweta

Jambo la kwanza la kujifunza katika picha ni mwanga, na mwanga wa Kenya una tabia zake. Kwa kuwa nchi imepitiwa na Ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Isitoshe, hupanda na kushuka wima, kwa hivyo ule mwanga laini wa rangi ya dhahabu unaopendwa na wapigapicha hudumu kwa muda mfupi kuliko Ulaya. Anayetaka kuutumia awe amefika mahali pake mapema. Anayeamka nao tayari ameukosa.

Saa sita mchana jua huwa utosini na hutia vivuli vizito chini ya macho na pua. Dawa yake ni rahisi: mhusika asogezwe penye kivuli, mlangoni au chini ya mti, uso wake ukielekea upande wenye mwanga.

Nyuso nyeusi zina changamoto nyingine. Mtu anaposimama mbele ya anga jeupe au ukuta uliopakwa chokaa, kamera hukisia mwanga kwa kutazama weupe huo na kuuacha uso gizani. Katika rununu nyingi, mpigapicha akigusa uso wa mhusika kwenye kioo, kamera hupima mwanga upya kwa ajili ya uso huo. Katika kamera ya kawaida, aongeze kiasi cha mwanga kidogo kidogo hadi uso usomeke.

Kwa mwenye rununu kuna mambo matatu zaidi. Apanguse lenzi kwa kitambaa laini, kwa sababu mafuta ya vidole hufanya picha iwe na ukungu. Asivute picha kwa vidole, bali asogee kwa miguu, kwani kuvuta kwa vidole mara nyingi ni kukata picha tu na kuipunguzia ubora. Na azime vipodozi vya kamera vinavyolainisha ngozi na kukuza macho, kwa sababu mashindano mengi huhesabu hilo kuwa udanganyifu.

Umri, ada na matapeli

Picha ikishapatikana, kazi ya pili huanza. Kanuni ya kwanza kuangaliwa ni umri, na si umri wa leo bali ule wa tarehe iliyotajwa na waandalizi. Kijana anayetimiza miaka 18 wiki moja kabla ya tarehe hiyo huenda akawa tayari ni mtu mzima mbele ya kanuni. Pale mshiriki anapokuwa mtoto, yaani hajafikisha miaka 18 kwa mujibu wa Katiba ya Kenya, waandalizi huwa na desturi ya kudai saini ya mzazi au mlezi. Saini hiyo isighushiwe. Mzazi akigundua baadaye na kulalamika, tuzo huenda ikapotea.

Kanuni ya pili ni ada. Kutoza ada si dhambi, na kuna mashindano ya heshima yanayofanya hivyo kwa watu wazima. Hata hivyo, kuna dalili zinazofaa kumfanya kijana ashtuke. Shindano lisilotaja majaji wake, lisilo na orodha ya washindi wa awali wala mahali picha zilipowahi kuonyeshwa, na ambalo humjulisha kila mshiriki kuwa amefika fainali kisha likamtaka anunue kitabu chenye picha yake, hilo ni biashara iliyovikwa joho la sanaa. Linalomtaka mshindi atume pesa kwa simu ndipo apokee zawadi, hilo ni utapeli mtupu.

Ukweli hauhaririwi

Kuongeza mwanga kidogo, kunyoosha picha iliyopinda au kuikata pembeni huruhusiwa katika mashindano mengi. Kuondoa nguzo ya umeme, kuongeza ndege angani au kuunganisha picha mbili ni jambo jingine kabisa, isipokuwa katika vitengo vya ubunifu vinavyolitaja waziwazi.

Waliowahi kuadhirika si vijana peke yao. Mshindi mkuu wa Wildlife Photographer of the Year wa 2009, José Luis Rodríguez wa Uhispania, alipokonywa tuzo Januari 2010. Picha yake ilionyesha mbwa-mwitu akiruka lango usiku. Majaji walihitimisha kwamba kulikuwa na uwezekano mkubwa kuwa mnyama huyo alikuwa amefugwa na kufunzwa, na kanuni zilikataza hilo. Yeye alikanusha, lakini tuzo haikurudi.

Mwaka 2015, shindano la wanahabari la World Press Photo liliondoa asilimia 20 ya picha zilizokuwa zimefika raundi ya kabla ya mwisho baada ya faili asili kulinganishwa na zile zilizowasilishwa. Mwaka huo huo, mpigapicha Giovanni Troilo wa Italia alipoteza tuzo yake kwa kuwa picha moja iliyoelezwa kuwa ya mji wa Charleroi, Ubelgiji, kumbe ilipigwa Brussels. Maelezo ya uongo yaliiangusha kazi nzima.

Sasa kuna akili unde. Aprili 2023, Mjerumani Boris Eldagsen alikataa tuzo ya Sony World Photography Awards katika kitengo cha ubunifu na kufichua kwamba kazi yake ilitengenezwa kwa akili unde. Alisema alitaka kuchochea mjadala. Mwaka uliofuata, 2024, Miles Astray akafanya kinyume chake. Aliingiza picha halisi ya heroe aliyeonekana kana kwamba hana kichwa katika kitengo cha akili unde cha shindano jingine, akashinda, kisha akaondolewa aliposema ukweli. Mafunzo ni mamoja: kila kitengo kina mipaka yake, na picha ya kutengenezwa isipitishwe kwa jina la picha ya kupigwa.

Kinga ya kijana mwaminifu ni faili asili, yaani picha ilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuguswa. Ndani yake mna tarehe, saa na aina ya kamera. Waandalizi wanaweza kuidai, na asiyekuwa nayo hana cha kujitetea. Kwa hivyo picha ihifadhiwe mahali pawili, mathalani kwenye rununu na kwenye tarakilishi ya shule au hifadhi ya mtandaoni.

Heshima kwa anayepigwa picha

Kipengele cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamhakikishia kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inataka idhini ya mzazi au mlezi data za mtoto zinaposhughulikiwa. Sura ya mtu inayotambulika ni sehemu ya data zake.

Kwa kijana mshiriki, hili lina maana ya kawaida kabisa: kusalimia kwanza, kujitambulisha, kueleza picha inakwenda wapi, kisha kuomba. Akikubaliwa, aandike jina la mhusika na namba ya kumpata, na ikiwezekana apate saini. Akikataliwa, ashukuru na aende zake. Mama muuza mboga si mapambo ya soko. Mgonjwa aliyelala wodini, mtoto aliye uchi mtoni au mlevi aliyeanguka mtaroni hawezi kuidhinisha kwa hiari kamili aibu yake ionyeshwe London.

Kadhalika, kambi za jeshi na maeneo mengine ya usalama yaepukwe. Droni hairushwi bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa ndege nchini. Na katika picha za wanyama, kiota kisifunguliwe wala kinda lisihamishwe ili lionekane vizuri. Mama ndege akikimbia, picha hiyo imeua.

Hakimiliki: kifungu cha kusomwa mara mbili

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, picha inalindwa pindi inapopigwa, bila kusubiri kusajiliwa, na ulinzi huo hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa hadharani au ilipochapishwa, kutegemea lililotokea mwisho. Kijana wa miaka 15 ambaye picha yake inachapishwa leo anaweza kuwa bado ni mwenye mali hiyo akiwa na miaka 65.

Mali hiyo inaweza kupotea kwa kubonyeza neno moja la kukubali. Yapo mashindano yanayoomba ruhusa ya kutumia picha kwa kutangaza shindano lenyewe na maonyesho yake kwa muda maalumu. Hilo ni jambo la kawaida. Yapo mengine yanayodai haki zote za picha zote, zikiwemo za walioshindwa, milele na kwa matumizi yoyote ya kibiashara. Hayo ni njia rahisi ya kampuni kujipatia ghala la picha bila kulipa.

Na yapo yaliyo katikati kwa nia njema. Picha inayoingizwa katika Wiki Loves Africa hutolewa kwa leseni huria: yeyote duniani aweza kuitumia, hata kibiashara, almuradi amtaje mpigapicha na kufuata masharti ya leseni. Huo ni mchango wa heshima kwa elimu ya bara hili, lakini ni uamuzi usiorudishwa nyuma. Anayeufanya aufanye kwa hiari, si kwa kutosoma.

Maelezo na faili

Maelezo ya picha ni maneno machache yanayojibu nani, nini, wapi, lini na kwa nini. "Uzuri wa Afrika" hayajibu lolote. "Mchuuzi akianika omena alfajiri katika ufuo wa Dunga, Kisumu, kabla ya mvua ya mchana" yanamweka jaji pale pale ufuoni. Mshiriki aandike anachokijua, na aache asichokihakikisha.

Faili nayo ina vipimo. Picha itakayochapishwa kwa ubora kamili kwenye karatasi ya A4 huhitaji takriban pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Rununu nyingi za sasa hufikisha kiwango hicho, lakini wengi huiharibu picha wao wenyewe kwa kuituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ambapo hupunguzwa na taarifa za ndani yake kufutwa. Itumwe kama hati, kwa barua pepe, au ihamishwe kwa waya.

Makataa nayo yana mtego wa saa. Shindano la Uingereza linalofungwa saa sita kasoro dakika moja usiku, saa za GMT, hufungwa Kenya saa tisa kasoro dakika moja usiku wa kuamkia siku inayofuata. Uingereza inaposogeza saa zake mbele wakati wa kiangazi, tofauti hupungua kutoka saa tatu hadi mbili. Ni heri kumaliza siku tatu mapema kuliko kubahatisha na mtandao uliolemewa na wachelewaji.

Baada ya kuwasilisha

Matokeo yakitoka, wengi hawatakuwa na jina lao katika orodha. Hilo halimaanishi kwamba picha ni mbaya. Majaji ni binadamu, na kila jopo lina macho yake. Cha busara ni kuzitazama picha zilizoshinda moja baada ya nyingine na kujiuliza mpigapicha alisimama wapi, mwanga ulitoka upande gani na alisubiri nini. Hilo ni darasa lisilo na karo.

Picha iliyokataliwa nayo isifutwe. Iandikwe tarehe, mahali na jina la aliyepigwa, kisha ihifadhiwe. Mji hubadilika, soko huvunjwa, nyanya hufariki, mto hukauka. Aliyeyahifadhi hayo kwa uaminifu ana kitu ambacho hakuna jopo liwezalo kumpokonya, na kanuni alizojifunza zinamngoja mwaka ujao.